Kamba, Kiti na Medali: Kenya katika Michezo ya Dunia ya Watu Wenye Ulemavu

Mtu akiulizwa habari za Kenya katika mashindano ya dunia ya watu wenye ulemavu, aghalabu jawabu lake huanza na kuishia kwa mkimbiaji asiyeona, aliyeunganishwa kwa kamba fupi na mwenziwe anayeona, nao wakizunguka uwanja kwa hatua za namna moja hata mita 5,000 zikamalizika. Wala jawabu hilo si la uongo, kwani tangu mwaka 2000 mbio ndizo zilizoipa nchi hiyo sehemu kubwa ya medali zake na majina yake yote mashuhuri. Lakini historia yenyewe ni ndefu kuliko mbio, na anayeifuata kwa utaratibu, tangu Heidelberg mwaka 1972 hata Paris mwaka 2024, hukuta jambo ambalo hesabu ya medali hulificha: kwamba walioshinda walikuwa, wengi wao, ni wale ambao ulemavu wao uliwaruhusu kushindana bila ya kununuliwa chombo cha thamani, na kwamba wengine wengi, ambao pengine walijaliwa vipawa vilevile au zaidi, walibaki nje ya uwanja kwa sababu ya bei ya kiti. Madai haya nitayaleta mbele ya msomaji pamoja na ushahidi wake, miaka kwa miaka, nikikaa zaidi pale penye uzito.

Mashindano haya, yaitwayo Paralimpiki, yalizaliwa na vita. Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler akakabidhiwa wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza, aliona kwamba vijana waliolazwa mbele yake walikuwa wakiangamia kwa vidonda vya kulala na kwa kukata tamaa, akaamua kuwatia upinde na mishale mikononi. Na tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ilipofunguliwa London, askari wa zamani 16, wanaume kwa wanawake, walishindana kupiga shabaha hali wamekaa katika viti vyao vya magurudumu. Miaka 12 baadaye, katika mji wa Roma, washindani walifika 400 kutoka nchi 23. Msingi huu haufai kusahauliwa, kwa kuwa unaeleza mengi yaliyofuata: michezo hii iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyevunjika uti wa mgongo na anayeketi kitini, na kwa muda mrefu asiyeona hakuwa na mahali ndani yake, wala aliyekatwa mkono.

Kenya ya zama hizo ilikuwa imeanza kuwashughulikia watu wake wenye ulemavu kwa njia ya shule na hisani. Jeshi la Wokovu lilikuwa limeanzisha shule ya vipofu Thika mwaka 1946, na chama cha taifa cha walemavu wa viungo kiliundwa mwaka 1958, miaka mitano kabla ya uhuru. Mafunzo yalikuwa ya kusoma kwa vidole, kusuka vikapu, kushona viatu, kazi za mikono za kumpatia mtu riziki; na michezo, ilipokuwapo, ilikuwa ya kupitisha wakati. Kwamba katika hali hiyo nchi changa iliweza kupeleka watu Ujerumani ya Magharibi mwaka 1972 ni jambo la kustahiki taadhima.

Mwaka huo Olimpiki ilifanyika Munich, lakini kijiji cha wanamichezo kilikuwa kimekwisha pangwa kugeuzwa makazi ya kudumu, basi wenye ulemavu wakapelekwa Heidelberg, katika viwanja vya chuo kikuu cha huko, wakashindana wiki chache kabla ya wenzao. Wakenya wanaukumbuka mwaka 1972 kwa Kipchoge Keino, aliyeshinda mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na kwa wale vijana wanne wa mita 400 za kupokezana vijiti. Ni wachache mno wanaojua kwamba kabla ya hao wote dhahabu ya Kenya ilikuwa imekwisha patikana Heidelberg, na kwamba ilipatikana majini: John Britton, muogeleaji, ndiye Mkenya wa kwanza kuvishwa dhahabu katika michezo ya watu wenye ulemavu. Taifa la wakimbiaji lilianza historia yake upande huu kwa kuogelea, na halikuendelea nayo, kwa sababu bwawa la kuogelea ni mali, na mabwawa yaliyokuwapo yalikuwa ya hoteli, ya vilabu vya wenye nacho na ya shule chache za ada kubwa.

Hapo Heidelberg wasioona waliruhusiwa kuonyesha michezo yao nje ya hesabu ya medali. Mlango ulifunguliwa kwao Toronto, mwaka 1976, nao waliokatwa viungo wakaingia pamoja nao. Na mwaka huo Kenya haikwenda.

Inafaa tukae kidogo katika jambo hili, maana limesemwa kwa uchache sana. Mwezi Julai mwaka 1976 Kenya, pamoja na nchi nyingi za Afrika, iliondoa timu yake katika Olimpiki ya Montreal kwa kuwa New Zealand, ambayo wachezaji wake wa raga walikuwa wamekwenda kucheza Afrika ya Kusini ya ubaguzi wa rangi, iliachwa ishiriki. Mwezi uliofuata, mashindano ya wenye ulemavu yalipofunguliwa Toronto, Afrika ya Kusini yenyewe ilikuwamo, na timu yake ya watu wa rangi mbalimbali ambayo waandaaji waliiona kuwa udhuru wa kutosha. Serikali ya Canada ikazuia fedha ilizoahidi, na nchi kadhaa, Kenya ikiwa mojawapo, zikakataa kushiriki. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Hapana timu ya mchanganyiko iliyoweza kuusafisha utawala ambao mwezi wa Juni mwaka uleule ulikuwa umewapiga risasi watoto wa shule Soweto, na nchi iliyojikomboa kwa damu isingeweza kukaa nao meza moja kwa ajili ya michezo.

Ila haki ina gharama, na insafu yataka tuseme ni nani aliyeilipa. Mike Boit, aliyekosa mbio zake za Montreal, ametajwa katika vitabu na magazeti kila inapozungumzwa migomo ya Olimpiki, na anastahili kutajwa. Waliokosa Toronto hawana hata orodha inayojulikana na watu. Wao walikuwa na nafasi chache kuliko wengine wote, hawakuwa na mashindano ya Ulaya ya kuwapatia riziki mwaka mzima, na kwa wasioona ulikuwa ndio mwaka wa kwanza ambao medali iliwekwa mbele yao. Historia ya wakimbiaji wasioona wa Kenya, ambayo leo ndiyo fahari ya nchi, ingeweza kuanza miaka mingi kabla ya wakati ilipoanza. Iliahirishwa kwa ajili ya uhuru wa watu wa nchi nyingine, na wale waliotoa sadaka hiyo hawajapata kushukuriwa.

Mwaka 1980 mambo yaligeuka kwa namna ya ajabu. Kenya iliikataa Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan, lakini ilikwenda Arnhem, Uholanzi, kwenye michezo ya watu wenye ulemavu; hivyo katika mwaka huo wa Olimpiki mabega pekee yaliyoibeba bendera ya Kenya yalikuwa ya hao ambao kwa kawaida hutajwa mwisho. Tangu hapo nchi haikukosa tena.

Mwaka 1984 mashindano yaligawanyika sehemu mbili: watu wa makundi mengine walikwenda New York, na watu wa viti, ambao chuo kikuu kilichokubali kuwapokea huko Illinois kilishindwa kupata fedha, walirudishwa kwa haraka Stoke Mandeville, pale pale pa asili. Huko Lucy Wanjiru aliitwalia Kenya dhahabu ya kutupa mkuki. Mtupaji wa namna hii hukaa juu ya kigoda cha chuma kilichofungwa ardhini kwa minyororo ili kisiteteme, mapaja yakabanwa kwa mikanda, na sharti mwili usinyanyuke kitini hata kidogo mkuki unapotoka mkononi, ama sivyo mwamuzi huinua bendera nyekundu. Kwa hivyo nguvu yote hutafutwa katika kiuno, bega na ule mkono usioshika chombo, ambao hujivutia kwenye nguzo. Kigoda hicho fundi yeyote wa kuchomea vyuma wa soko la Gikomba, Nairobi, aweza kukitengeneza kwa siku moja akipewa vipimo. Hiyo ndiyo sababu, kwa fikira yangu, watupaji walitangulia kupata sifa: mkuki, kisahani na tufe vilikuwapo shuleni, na kiti kilikuwa cha bei ya chuma chakavu.

Kutoka kwa watupaji hao alitokea baadaye Mary Nakhumicha Zakayo, aliyeiwakilisha nchi katika mashindano kadhaa kwa miaka mingi, mmoja katika wachache waliodumu hata kizazi cha pili kikamkuta. Kizazi chake kilikuwa na watu wengi ambao polio iliwapata utotoni. Polio ya asili ya nchini ilikomeshwa Kenya mwaka 1984, ingawa virusi viliingia tena kutoka nje mara kadhaa, na kila mwenye akili huishukuru chanjo kwa hilo. Lakini makocha walipaswa kuiona mapema natija yake uwanjani, kwamba vijana wa viti wangepungua katika shule na kwamba kundi jipya, la walioumizwa na ajali za barabarani, lingehitaji kutafutwa hospitalini na si shuleni. Halikutafutwa. Michezo ya Seoul, Barcelona na Atlanta ikapita, Kenya ikiwamo, bila ya mabadiliko makubwa.

Kisha akaja Henry Wanyoike. Huyu alikuwa kijana wa Kikuyu, aliyezaliwa mwaka 1974, ambaye usiku mmoja wa mwaka 1995 alilala akiona, akiwa na matumaini ya kuishi kwa miguu yake kama vijana wengine wa nyanda za juu, na kulipokucha kiharusi kilikuwa kimemwondolea karibu nuru yake yote. Alipitia kliniki ya macho ya Kikuyu, akajifunza kufuma masweta kwa mashine katika chuo cha ufundi cha vipofu Machakos, na huko katika kujifunza upya kila kitu akagundua kwamba kukimbia hakukuwa kumemwondoka. Sydney, mwaka 2000, katika mita 5,000 za daraja la wasioona kabisa, mwongozaji wake John Kibue alikuwa mgonjwa. Nguvu zikamwishia katika sehemu ya mwisho ya mbio, na Wanyoike, ambaye hakuuona mstari wala wapinzani, alimshika yule aliyepaswa kumshika yeye, akamkokota mpaka wakavuka, akatwaa dhahabu. Miaka minne baadaye, Athens, alirudi na Joseph Kibunja, rafiki yake tangu utotoni, aliyejifua mpaka akaweza kwenda naye, akashinda mita 5,000 na mita 10,000 kwa rekodi za dunia. Kabla yake Mkenya asiyeona aliombewa; baada yake, alau kwa muda, aliulizwa anakimbia kwa dakika ngapi.

Hapa ndipo penye kiini cha uchambuzi huu, na msomaji anisamehe nikieleza kanuni. Katika daraja liitwalo T11 kila mkimbiaji hufunikwa macho kwa kitambaa kisichopitisha mwanga, ili anayeona kivuli asimzidi asiyeona kitu, na huunganishwa na mwongozaji kwa kamba fupi isiyonyumbuka. Mwongozaji haruhusiwi kumvuta wala kumsukuma, na mwishoni ni lazima awe nyuma yake. Samwel Mushai Kimani alipomaliza mita 1,500 London mwaka 2012 kwa dakika 3 na sekunde 58.37, rekodi ya dunia ya daraja lake, James Boit aliyekuwa upande wa pili wa kamba hakuwa na ruhusa ya kuchoka: ilimbidi aende kwa kasi hiyohiyo na bado abaki na pumzi ya kutaja kona inapoanza na inapokwisha, ya kumwambia mwenzake nani yuko mbele na kwa hatua ngapi, na ya kuubadili mwendo wa mkono wake ufuate mkono wa mwingine. Mtu wa namna hii hupatikana wapi? Katika nchi tajiri zenye viwanja vya kila aina, kijana anayeweza kukimbia mita 1,500 kwa raha chini ya dakika 4 ni mwanamichezo wa heshima mwenye ratiba yake, naye hapatikani kwa urahisi kuacha msimu wake ili aongoze mwingine. Lakini Kenya, huko Iten, Eldoret, Kapsabet na Nyahururu, kila asubuhi hutoka mamia ya vijana wa kadiri hiyo ambao hawatachaguliwa timu ya taifa maisha yao yote, kwa kuwa walio mbele yao ni wengi. Kenya ilikuwa na utajiri ambao haikuuhesabu, na utajiri huo ulikuwa ni watu. Kamba ya sentimita chache iliwaunganisha na wale waliokuwa wakiuhitaji, bila ya shilingi ya hazina kupita katikati.

Ndiyo maana baada ya Sydney mavuno yakaja. Beijing, mwaka 2008, Kenya ilipata medali 9, dhahabu 5 zikiwa zote za mbio: Henry Kirwa, mwenye uoni hafifu, alichukua peke yake 3, za mita 1,500, 5,000 na 10,000, Kimani akachukua ya wasioona, na Abraham Tarbei, ambaye ulemavu wake ni wa mkono, akachukua yake, kisha akashinda tena mita 1,500 London. London zilikuwa 6, na Rio mwaka 2016 zikawa 6 tena, Kimani akirudia ushindi wake na kuuongezea mita 5,000. Rio ndiko kulikokimbiwa zile mita 1,500 za wenye uoni hafifu ambazo dunia nzima ilizizungumza, washindani wanne wa kwanza, Kirwa akiwa wa tatu kwa dakika 3 na sekunde 49.59, walipomaliza kwa muda mfupi kuliko dakika 3 na sekunde 50.00 za Matthew Centrowitz wa Marekani aliyeshinda fainali ya Olimpiki katika uwanja uleule mwezi uliotangulia. Jambo hili lisitafsiriwe kupita kiasi, kwa kuwa fainali ile ya Olimpiki ilikuwa ya kuviziana na mwendo wake ulikuwa wa polepole. Lakini linatosha kumnyamazisha anayedhani kwamba mashindano haya ni ya kuhurumiana.

Tutazame sasa dhahabu hizo zote kwa jicho la pili. Wasioona, wenye uoni hafifu, na mwenye ulemavu wa mkono: kila mmoja wao alihitaji viatu, njia ya udongo na mwenzi wa kukimbia naye. Hapana hata mmoja aliyekuja kwa kiti cha mbio, wala kwa mguu wa kaboni. Na maadamu ushindi wote umewekwa katika milango miwili mitatu, mwenye ufunguo wa milango hiyo akiifunga, nyumba huwa tupu. Orodha ya mashindano hupangwa upya kila baada ya miaka minne, na mbio ndefu, ambazo washiriki wake wa kila daraja ni wachache, ndizo hukatwa mwanzo. Mita 10,000, alizoshinda Wanyoike Athens na Kirwa Beijing, hazikuwamo tena London. Wakati huohuo Ethiopia, Morocco, Algeria na Tunisia ziliyaona yale Kenya iliyoyaona, zikaandaa wakimbiaji wao kwa bidii. Tokyo, mwaka 2021, Kenya nzima ilirudi na shaba moja, ya Nancy Chelangat Koech katika mita 1,500 za wanawake wasioona. Watu walilaumu maandalizi, na janga la korona, na maafisa; lawama hizo zina nafasi yake, ila chanzo ni cha zamani zaidi, nacho ni kupanda mbegu moja katika shamba zima.

Mfano wa Anne Wafula Strike waonyesha hayo kwa uwazi kuliko hesabu yoyote. Alizaliwa mwaka 1969 katika kijiji cha Mihuu, magharibi ya Kenya, polio ikampata kabla hajatimiza miaka mitatu, na majirani wakaidhania nyumba yao kuwa imelaaniwa. Babake, aliyekuwa askari, alimsomesha; akafika chuo kikuu, akawa mwalimu Machakos, mji uleule ambako Wanyoike alijifunza kufuma. Mbio za viti hakuzijulia huko. Alizijulia Uingereza, alikohamia baada ya kuolewa, akiwa mama wa mtoto, na katika muda wa miaka michache tu akafuzu kwenda Athens mwaka 2004 na jezi ya Kenya, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kushindana katika mbio za viti kwenye michezo hiyo. Miaka miwili baadaye alipata uraia wa Uingereza na akashindana chini ya bendera ya huko. Sioni sababu ya kumlaumu, na wanaomlaumu nawauliza: kifua kilekile na mikono ileile vilikuwa Kenya kwa zaidi ya miaka 30, ni nani aliyevipimia kiti?

Maana kiti chenyewe si kile cha hospitali. Ni chombo kirefu cha magurudumu matatu, lile la mbele likiwa dogo na limetangulia mbali, yale ya nyuma yameinamishwa juu yakakaribiana, na mwenyewe hukunjwa magoti ndani yake kama aliyetiwa katika ala. Kila kimoja hutengenezwa kwa vipimo vya mwili wa mtu mmoja, huuzwa kwa maelfu ya dola, na mtoto akikua hukihama. Mpira ukipasuka hapana duka la mtaani la kuupata. Yeye aliye Kakamega au Lodwar, hata akipewa msaada wa kiti hicho, atahitaji barabara laini ya kukisukumia na mtu ajuaye kukirekebisha. Hayo ndiyo mambo ambayo medali za mbio za miguu ziliisaidia nchi kuyasahau, kwani wageni wakipongeza na wimbo wa taifa ukipigwa, ni nani atakayeuliza ambaye hayumo?

Ushahidi mwingine watoka kwa viziwi, ambao wana michezo yao tangu Paris mwaka 1924, mikongwe kuliko ile ya Stoke Mandeville, na ambao mwanzo wa mbio zao hutolewa kwa taa za rangi mahali pa mlio wa bastola. Huko Caxias do Sul, Brazil, mwezi Mei mwaka 2022, viziwi wa Kenya walipata medali 24, nyingi zikiwa za mbio. Kwa hesabu ndilo kundi lililoiletea nchi medali nyingi zaidi katika msafara mmoja kati ya yote yaliyotajwa humu, na kwa fedha ndilo lililohitaji vyombo vichache kuliko yote. Habari zao zilipita magazetini siku mbili tatu, kisha basi. Nami naona hilo ni deni juu ya waandishi wa michezo, nikiwamo katika kundi lao.

Sheria za nchi hazikosi. Ilikuwapo sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003, iliyofutwa na sheria mpya mwaka 2025, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, imempa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na, jambo ambalo wachambuzi wa michezo hawalitaji, haki ya kupata vifaa na zana za kumwondolea vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Maneno hayo yakisomwa kwa unyofu, kiti cha mbio kwa kijana anayeweza kukitumia hakiwi tena hisani ya mfadhili aliyepita, wala zawadi ya mwanasiasa mbele ya kamera, bali ni stahili inayodaiwa. Sijaona kwa nini bajeti ya michezo isiandikwe kwa mujibu wake, na kila kaunti ikaulizwa mwisho wa mwaka ina viti vingapi vinavyotembea.

Katika miaka ya karibuni dalili zimeanza kuonekana upande mwingine. Asiya Mohammed wa Mombasa, ambaye ajali ya treni ilimkata miguu yote miwili na baadhi ya vidole akiwa mtoto wa miaka miwili, alicheza tenisi ya viti, kisha akaingia katika mashua ya makasia, akawa Mkenya wa kwanza kushindana katika mchezo huo kwenye Paralimpiki, Tokyo. Watu wa pwani wamepiga makasia tangu kabla ya kuandikwa tarikh yao, na kwa hivyo mwambao mzima, tangu Vanga hata Lamu, una walimu wa maji ambao hawajaulizwa; lakini mashua ya mashindano, iliyo nyembamba na nyepesi, na kiti chake cha kumshika asiye na miguu, nayo ni kitu cha kununuliwa. Hellen Wawira Kariuki alinyanyua vyuma akiwa amelala juu ya benchi, katika uzito wa chini kabisa wa wanawake, katika mchezo ambao Wamisri na Wanigeria wametamba kwa miaka mingi. Huko Paris Kenya ikaongeza taekwondo na baiskeli ya watu wawili.

Na medali ya Paris, iliyokuwa moja tu, haikutoka katika mbio hata kidogo. Samson Ojuka, wa daraja la T37, ambalo ni la watu ambao misuli ya upande mmoja wa mwili haiutii ubongo sawasawa, aliruka mita 6.20 katika kuruka mbali akachukua fedha. Daraja hili halikuwa na sifa kwa Wakenya hapo kabla. Vijana wake hupita mbele ya walimu wa michezo wakihesabiwa kuwa wazito wa mwendo, kwa kuwa hawakukosa macho wala mguu, na ulemavu wao hauonekani mpaka wanapoombwa wakimbie. Kabla ya kuanza kushindana, kila mmoja wao hana budi kupimwa na wapimaji wa kimataifa waliofunzwa, watazame jinsi goti linavyokunja na mkono unavyokaza, na kipimo hicho hufanywa katika mashindano maalumu, ambayo aghalabu huwa nje ya nchi na nauli yake si ndogo. Ojuka alihitaji shimo la mchanga, kocha aliyemtambua, na nauli ya kwenda kupimwa. Katika vitu hivyo vitatu mchanga ndio ulio tele, makocha wa kutambua ni wachache, na nauli ndiyo jambo la kwanza ambalo kamati ya taifa ya michezo hii na wizara zingeweza kulitatua kabla ya Los Angeles mwaka 2028, kwa kuwaleta wapimaji Nairobi na kuwaita vijana wa shule zote maalumu waje wapimwe, wa Thika na wa Kisumu, wa Mombasa na wa Turkana, wakiwamo hao wa viti ambao hawajapata kukalia kiti cha mbio.